Kahawa ni Yako, Jina ni la Nani?



Msimu uliopita kijana mmoja wa Nyamwaga alinifuata na pakiti mbili za kahawa ya kusaga. Jina lilelile, mchoro uleule. "Bwana shamba, hii ni yangu. Hii nyingine nimeikuta dukani Sirari." Miaka mitatu amehangaika kulitafutia wateja jina lile. Nikamuuliza, umesajili? Akatoa cheti cha jina la biashara cha BRELA.

Hapo ndipo wengi tunateleza. Cheti kile kinaonyesha tu unafanya biashara kwa jina gani. Hakimzuii mwenzako kulibandika kwenye pakiti yake. Ulinzi huo unatokana na usajili wa alama ya biashara. Ofisi ni hiyohiyo BRELA, ila maombi ni mengine.

Hii ndiyo inaitwa miliki ubunifu: mali inayotoka kichwani mwako. Aina zake kubwa kwa mkulima ni hizi:

1. Alama ya biashara. Ni jina au nembo inayotofautisha bidhaa yako. Sheria yake ni ya 1986. Unaomba kwa kundi la bidhaa: kahawa ya kusaga ni kundi la 30, matunda mabichi ni la 31. Maombi yakikubaliwa yanatangazwa, na mwenye pingamizi ana siku 60. Usajili unadumu miaka 7, kisha unahuisha kila miaka 10.

2. Hataza. Hii ni ya uvumbuzi mpya, mfano mashine ya kumenya kahawa ambayo haijawahi kuwepo. Ulinzi unaweza kufika miaka 20. Usikimbilie kuionyesha Nane Nane kabla hujapeleka maombi.

3. Haki ya mgunduzi wa aina mpya ya mmea. Sheria ni ya 2012. Ukizalisha na kuuza mbegu ya aina iliyolindwa bila ruhusa ya mwenyewe, umejitafutia kesi. Ulezi wa asili aliokuachia bibi haumo humo.

4. Hakimiliki. Inalinda picha, video, maandishi na michoro, tangu unapoitengeneza kazi. Ofisi yake ni COSOTA. Aliyekuchorea nembo, andikishaneni kwamba ni yako.

5. Siri ya biashara. Mfano namna yako ya kukaanga kahawa. Haisajiliwi. Unailinda kwa kufunga mdomo na kuwapa vibarua mkataba.

Msidhani haya ni ya wakubwa tu. Mwaka 2005 Ethiopia iliomba Marekani isajili majina ya kahawa zake, yakiwemo Sidamo na Yirgacheffe. Ulizuka mvutano na Starbucks, wakafikia makubaliano 2007. Kahawa ilikuwa yao siku zote. Walichopigania ni jina.

Na yule kijana? Tumekusanya risiti, pakiti za zamani na picha zenye tarehe, na maombi ya alama ameshapeleka. Anaweza kudai alitangulia kulitumia jina, lakini kuthibitisha ni kazi yake. Angeomba mapema, leo angekuwa shambani anachuma.

Kwa hiyo, kabla hujachapisha pakiti za kwanza, ulizia BRELA kama jina liko wazi, kisha ombea alama. Pakiti zitangoja.

Tukutane shambani.