Huko Juu Walishasanuka

Oya, mwaka 2007 nyama ilikuwa soo. Kama ulikuwa dogo pande za Karatu na Ngorongoro kipindi kile, utakumbuka bucha zilivyopoa, mchoma mishkaki anajipepea mwenyewe badala ya kupepea jiko, na bi mkubwa nyumbani kahamia kwenye maharage na mbaazi kwa sababu "kuna homa ya ng'ombe." Kuku naye akapanda chati ghafla, akaanza kuringa bei.

Homa yenyewe ina jina la kwetu kabisa: Homa ya Bonde la Ufa. Wataalamu waliitambua mara ya kwanza pande za Ziwa Naivasha, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na tangu hapo ina tabia ya kupotea miaka kibao halafu inarudi kwa fujo. Ile ya 2007 ilibisha hodi Bongo mwezi Januari, ikianzia wilaya za kaskazini, Ngorongoro ikiwemo. Mpaka inakata pumzi Juni, watu 511 walikuwa wamehisiwa kuugua kwenye mikoa 10 kati ya 21 ya wakati ule. Waliofariki ni 144. Ndama na wanambuzi hata usianze kuhesabu.

Sasa kwa nini chalii wa Karatu anakuletea habari za mbuzi kwenye ukurasa wa mitindo na bata? Kwa sababu walioisanukia ile homa mapema hawakuwa madaktari wala mabwana mifugo. Zilikuwa setilaiti.

Cheki mchezo ulivyo. Kuna mbu wa ukoo wa Aedes ambaye hatagi juu ya maji kama hawa wanaokunyima usingizi geto. Yeye anataga kwenye udongo wenye unyevu, kwenye vile vibonde vinavyotuamisha maji mvua ikizidi. Maji yakikauka, mayai yanabaki palepale ardhini yakila zake usingizi, mwaka, miwili, hata zaidi. Na mbu jike mwenye virusi anawarithisha wanawe wakiwa bado kwenye yai. Kwa hiyo unaweza kupitisha ng'ombe kwenye kibonde kikavu, vumbi mpaka puani, kumbe chini ya kwato kuna bomu limetegwa linasubiri mafuriko. Mvua ikipiga wiki kadhaa bila kupumzika, kibonde kinajaa, mbu wanaamka kwa mkupuo na kuwavaa mifugo. Baada ya hapo akina Culex, mbu wa kawaida, wanapokea kijiti. Boma linaamka asubuhi linakuta mbuzi wametupa mimba karibu wote. Binadamu anaingia kwenye mstari akichinja, akimsaidia mnyama kuzaa, akishika damu, au akigida maziwa mabichi. Mbu naye akimpata, hamwachi.

Kumwona mbu ukiwa kilomita 800 juu haiwezekani, uwe na kamera ya nani. Lakini mvua kubwa huwa haiji kinyemela. Kwenye kituo cha Goddard cha NASA, kule Maryland, Assaf Anyamba na wenzake, wakiwa bega kwa bega na Kenneth Linthicum wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walikuwa wanapiga chabo vitu vitatu. Kwanza joto la bahari: Pasifiki ikipata joto, ndiyo El Nino hiyo, na Bahari ya Hindi upande wetu nayo ikapata joto wakati huohuo, Afrika Mashariki ijiandae kuogelea. Pili, mawingu ya mvua. Cha tatu ndicho kinachonibamba mimi: ujani. Jani bichi linameza mwanga mwekundu na kuutema ule wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Setilaiti inapima tofauti ya hizo nuru mbili, kipande kwa kipande cha ardhi, halafu inalinganisha na miaka ya nyuma. Nyika ambayo kawaida yake ni kahawia ikiwa kijani kupita kiasi, ujue udongo umelowa, vibonde vimejaa, na kuna viumbe chini vinapiga miayo.

Miezi ya mwisho ya 2006 ramani yao ilishaanza kuwaka. Homa ikatokea kaskazini mashariki mwa Kenya, ikasambaa mpaka kusini mwa Somalia, kisha ikaingia Tanzania kupitia kaskazini. Walipochapisha kazi yao mwaka 2009 walieleza kwamba onyo liliutangulia ugonjwa kwa wiki 2 mpaka 6 katika ukanda huu, na kwamba kwa kadiri wanavyojua, ilikuwa mara ya kwanza kwa mlipuko wa homa hii kutabiriwa kabla haujatokea. Sio ramli hiyo, mwanangu. Ni hesabu.

Ndio maana kuna stori moja ya kijiweni inanichosha. Roketi ikirushwa tu huko mbele, lazima msela mmoja atoe povu: hela zote hizo za kuchezea angani si wangetuchimbia visima? Hoja ina uzito, siibezi, foleni ya madumu tunaijua. Ila inachukulia kwamba ni lazima uchague kimoja. Mwana wa Karatu mwenyewe, Dk. Askwar Hilonga kutoka Gongali, alibeba tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015 kwa chujio lake la maji la nano, na hakuhitaji roketi hata moja. Watu wa anga nao wanafanya yao, na mzigo mkubwa wa wanachokiona wanaumwaga bure. Picha za Landsat, setilaiti zinazotupiga picha tangu 1972, ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti tangu 2008. Chalii wa Rhotia mwenye bando la kutosha anaweza kucheki Bonde la Eyasi lilivyokauka miaka kumi nyuma bila kumuomba mtu ruhusa. Hiyo ni kitonga, na tunaiacha ipite.

(Halafu kuna hili ambalo huwa linanichekesha. Nyayo za binadamu mwezini dunia iliziona 1969. Nyayo za Laetoli, hapo Endulen kwetu, zenye miaka zaidi ya milioni 3, timu ya Mary Leakey ilikuja kuzifukua 1978. Tulianza kuona za mbali.)

Turudi 2007, maana mwaka ule haukuwa na huruma. Homa haijasahaulika vizuri, Julai ardhi ikaanza kutikisika upande wa Ziwa Natron na mlima Gelai. Tarehe 17 likapiga tetemeko la ukubwa wa 5.9, mpaka Nairobi watu wakashuka maghorofani mbio na viatu mkononi. Wazee wa Engare Sero wakaukazia macho Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu. Setilaiti za rada nazo zilikuwa zinaukazia. Rada inarusha mawimbi chini, inapokea mwangwi, na ukilinganisha mwangwi wa kabla na wa baada unajua ardhi imesogea kiasi gani, hata kama ni sentimita tu. Ikaonekana kwamba chini ya Gelai mwamba ulioyeyuka ulikuwa umejipenyeza, umeipasua ardhi kwa ndani bila kutokeza juu. Septemba mwanzoni Lengai akalipuka kweli, majivu juu ya malisho, juu ya maji, machoni mwa watoto. Watu wakahamisha mifugo.

Leo mlima ule una wa kuusikilizia. Mtandao wa TZVOLCANO, kazi ya Chuo Kikuu cha Ardhi na Virginia Tech ya Marekani, umepanda vipokezi kuuzunguka. Kipokezi kimetulia zake kwenye mwamba na sola yake pembeni, mbuzi wanakula majani hapohapo, chenyewe kinapokea mawimbi ya setilaiti zilezile zinazomwongoza dereva wako. Tofauti ni kwamba simu yako inakosea mita kadhaa na wewe unaridhika, wakati hiki kinasaka milimita. Ndivyo walivyogundua kwamba ardhi ya pale ilivimba kidogo kati ya 2022 na 2023. Haukutokea mlipuko mkubwa, lakini ukishajua mlima unavuta pumzi, angalau hulali fofofo.

Mengine nayapitia juujuu, maana hata wewe unayatumia bila kuyapa heshima. Ile selfi unayopiga pale kwenye kituo cha kutazamia kreta, mgongo kwa ukungu, kidole kwa tembo wasioonekana: aina ya kihisio kilichomo kwenye kamera ya simu yako ilibuniwa miaka ya 1990 na Eric Fossum na timu yake kwenye maabara ya JPL ya NASA, walipokuwa wanahangaika kupunguza uzito na umeme wa kamera za vyombo vya angani. Toyo anayepeleka mgonjwa Karatu mjini usiku, simu kaifunga kwa mpira kwenye usukani, anafuata kimstari cha bluu kinachotoka juu huko. Na mradi wa KopeLion hapo Ngorongoro unawavisha simba kola za GPS, kisha walinzi wa kienyeji, Ilchokuti, wanawatonya wachungaji: leo huko usipeleke ng'ombe, wenyewe wapo. Hapo kapona ng'ombe, kapona simba, na kapona morani ambaye angeenda kulipiza.

Kwenye afya yenyewe kuna moja linanigusa zaidi. Angani hakuna hospitali, na mwanaanga sio lazima awe daktari. Basi kwenye kituo cha kimataifa cha anga walifanya mradi unaoitwa ADUM: mwanaanga aliyepewa mafunzo ya muda mfupi anashika kifaa cha utrasaundi, daktari bingwa yuko chini Duniani anamwelekeza kwa sauti, sogeza kushoto, kandamiza, hapohapo, tulia. Ikafanya kazi. Baadaye ujuzi huohuo ukapelekwa kwenye sehemu za dunia zisizo na bingwa karibu. Sasa mfikirie mama mjamzito kule Nainokanoka au Olbalbal, barabara imekatika, uchungu umeanza kabla ya wakati. Nesi wa zahanati ana simu, ana kifaa kidogo cha kushika mkononi, na bingwa yuko mjini anaangalia picha ileile. Mambo ya aina hii tunayaweza, sio hadithi za mwaka 3000.

Hata mifupa yao inatusomesha. Mtu akielea miezi kadhaa, nyonga inapoteza kama asilimia 1 ya uzito wa mfupa kila mwezi, kiasi ambacho bibi yako anakipoteza kwa mwaka mzima. Wanaanga wanapigwa mazoezi karibu masaa 2 kwa siku ili warudi wakiwa wanasimama. Wewe unayekaa kijiweni kuanzia saa nne mpaka jua linazama, jiongeze.

Lakini tusivimbe vichwa kwa niaba ya NASA. Onyo la 2006 lilikuwepo na bado watu 144 walifariki hapa kwetu. Wiki 6 ni kiduchu. Chanjo ya mifugo inatakiwa iagizwe, isafirishwe kwenye ubaridi, ifike mpaka bomani, na ipigwe kabla mbu hajaamka, kwa sababu ukianza kuchanja homa ikiwa imeshaingia zizini, sindano moja kwa wanyama wengi inaweza kuusambaza ugonjwa wewe mwenyewe ukiwa unadhani unatibu. Roketi imefanya sehemu yake kwa kilomita 800 za kutoka juu. Tatizo lililobaki ni zile 60 za vumbi kutoka ofisini mpaka kwa mzee mwenye mbuzi.

Na hapo ndipo machalii tunaingia. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza mwelekeo wa mvua kabla ya kila msimu. Agosti 2023 walisema wazi kwamba vuli ile ingekuja na El Nino. Taarifa iko mtandaoni, ina ramani za rangi, sisi tunaisoma tunapita kwenda kucheki magoli. Mzee wa Endulen ana kitochi, hana bando, na lugha ya ofisini haimpandi. Anachotaka ni sauti ya nusu dakika kwa Kimaasai, ya kijana anayemfahamu: mzee, shikamoo, mvua ya safari hii ni nyingi, muone bwana mifugo mbuzi wachanjwe kabla haijaanza, mnyama akitupa mimba usimshike mikono mitupu, maziwa yachemshwe, damu mbichi muiache kwanza. Kwa Mang'ola irekodiwe kwa Kidatoga na Kiiraqw. Irushwe kwenye redio za jamii, isemwe mnadani kwenye spika ya muuza mitumba, apewe pia toyo anayepeleka dawa za mifugo, maana yeye anafika sehemu ambazo gari la serikali linafika kwa ratiba.

Kurekodi hiyo sauti hakumalizi hata buku. Vuli huku kwetu inaanza Oktoba au Novemba, kwa hiyo mwezi wa kuwasumbua wazee ni Agosti, jua likiwa bado linawaka na kila mtu anakuona umechanganyikiwa.