Amani Ndiyo Kiingilio: Wageni Watazama Ndege Nchini Kenya

Kila mwaka huingia nchini Kenya wageni wa namna ya peke yao. Hawaulizi simba yuko wapi, wala hawana haraka ya kujilaza ufukweni. Huamka kabla ya jogoo, huvaa nguo za rangi ya majani makavu, hutundika darubini shingoni, na huweza kusimama kimya asubuhi nzima chini ya mti mmoja wakimngojea ndege ambaye mkulima wa hapo hajapata kumjali. Wakimwona huandika jina lake katika daftari, hupeana mikono, kisha huendelea na safari. Kwa ajili ya jambo hilo hulipa fedha nyingi za kigeni.

Wapo watu wanaodhani kuwa huo ni mchezo wa matajiri wasio na la kufanya. Wapo pia wanaowatazama wageni hao kwa wasiwasi, hasa wale ambao kazi yao ni ulinzi. Kwani mtu mwenye darubini, ramani na daftari, akisimama karibu na daraja au mpaka, hafanani na mtu aliye likizoni. Dhana zote mbili zinafaa kuchunguzwa. Safari hizo zinalisha watu, na mwenye kutazama ndege kwa kawaida ni mtazama ndege tu. Zaidi ya hayo, ni biashara chache zinazotegemea kazi ya askari kwa kiasi ambacho hii inaitegemea.

Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege. Sababu kubwa ya wingi huo ni umbile la nchi. Ndani ya mipaka yake mna mlima wenye barafu kileleni, jangwa la mawe, na delta ya mto mkubwa yenye matope na mikoko. Kila mahali pana ndege wake, na asiyefika hapo hamwoni. Ndiyo maana safari ya namna hii hupangwa ipite pote: milimani, jangwani na kwenye delta, ikiongozwa na mtu anayezijua njia na sauti za ndege.

Safari huweza kuanzia miteremko ya Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199. Huko juu, penye baridi kali, huishi chozi wa milimani, ndege mdogo wa rangi ya kijani inayometameta, ambaye hutafuta chakula chake katika maua ya mimea mirefu iitwayo lobelia. Lakini jambo kubwa zaidi la mlima huo ni maji. Kutoka hapo na kutoka safu ya Nyandarua huanza Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Mgeni akiuacha mlima ataukuta mto huo tena mwishoni mwa safari, mamia ya kilomita kuelekea baharini.

Kutoka mlimani msafara huelekea kaskazini, Isiolo na Marsabit, hadi uwanda wa Dida Galgalu. Hapo ardhi imetandazwa mawe meusi ya volkano, na jua halina huruma. Katika mawe hayo huishi ndege mmoja wa rangi ya udongo, wa jamii ya kipozamataza, ambaye wataalamu walimpa jina mwaka 1956 na ambaye haonekani mahali pengine duniani isipokuwa kaskazini ya Kenya. Kwa miaka mingi magari hayakuweza kupita katika njia hiyo ila kwa msafara wenye kulindwa na polisi, kwa sababu ya majambazi. Leo ipo barabara ya lami hadi Moyale. Wenyeji hukumbuka nyakati zote mbili, na hujua kwamba lami peke yake haimleti mgeni. Mwezi Julai 1985 au 1995 asingethubutu kupita bila bunduki mbele na nyuma. Na mwezi Julai 2005, katika kijiji cha Turbi kilicho katika njia hiyo hiyo, watu zaidi ya 50 waliuawa, wakiwamo watoto wa shule, katika uhasama wa wafugaji.

Msafara ukirudi kusini hufika Milima ya Taita, isiyo mbali na mpaka wa Tanzania. Milima hiyo ni ndugu wa Upare na Usambara, kwani yote ni ya mlolongo mmoja wa milima ya kale. Misitu ya Taita imekatwa kwa ajili ya mashamba mpaka vimebaki vipande tu, kama Mbololo, Ngangao na Chawia. Katika vipande hivyo huishi ndege wa aina mbili ambao wakipotea hapo watakuwa wamepotea ulimwenguni kote. Karibu na hapo, huko Ngulia katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, wataalamu wamekuwa wakikusanyika tangu 1969, katika miezi ya mwisho wa mwaka. Usiku usio na mbalamwezi, ukungu ukishuka, ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia huvutwa na taa. Hunaswa kwa nyavu, huvishwa pete yenye namba mguuni, na huachiliwa waendelee. Pete hizo ndizo zilizofundisha watu wanakotoka ndege hao na wanakokwenda.

Katika pwani, msitu wa Arabuko-Sokoke hutoa funzo jingine. Katika vijiji vingi bundi akilia juu ya paa watu hushika vichwa. Lakini katika msitu huo yupo bundi mdogo, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi, ambaye wageni huvuka bahari ili wamwone. Mchana hulala katika kichaka, na rangi yake humfanya aonekane kama jani kavu. Mgeni peke yake hawezi kumpata. Kijana wa kijiji cha hapo, aliyejifunza kazi ya uongozaji, huingia msituni mapema, humtafuta mahali alipolala, kisha humwongoza mgeni hadi chini ya tawi lenyewe. Ujuzi huo hauuzwi dukani. Mwaka 1992 bundi wa aina hiyo hiyo aligunduliwa pia katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki, nchini Tanzania.

Ni kweli kwamba mara nyingi sehemu nono ya malipo ya safari hizi hubaki kwa makampuni ya ng'ambo yanayokusanya wageni. Lakini pale wenyeji walipojipanga, faida imeonekana. Katika Hori ya Mida, kando ya msitu huo, ada wanayolipa wageni kupita juu ya daraja la mbao lililojengwa katika mikoko husaidia kuwalipia karo watoto wa sekondari wa vijiji vinavyouzunguka msitu. Mzazi ambaye mwanawe amesomeshwa na msitu huwa mgumu kushawishika kuukata.

Mwisho wa safari ni delta ya Mto Tana, pale mto unapogawanyika na kutandaa kabla ya kuingia baharini karibu na Kipini. Ni nchi ya matete, mabwawa, mikoko na korongo wasiohesabika. Huko huja kila mwaka ndege mdogo wa kahawia ambaye hutaga katika vinamasi vya kusini ya Iraki, karibu na Basra. Baada ya maasi ya 1991 serikali ya Iraki ya wakati huo ilivikausha vinamasi hivyo ili kuwaangamiza waasi na kuwafukuza wenyeji; maji yalianza kurudi mwaka 2003. Hivyo vita vya nchi ya mbali viliwafikia hata ndege wanaopumzika katika matete ya Tana.

Lakini Tana nayo imepata msiba wake. Wapokomo hulima kando ya mto. Waorma huleta ng'ombe wao kunywa maji wakati wa kiangazi, wakipita katika njia ziitwazo malka. Mashamba yalipoziba njia, na wawekezaji walipotaka maelfu ya hekta kwa miwa na mazao ya mafuta, nafasi ya wote ikapungua. Kuanzia Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa. Katika kijiji cha Kilelengwani, mwezi Septemba, waliokufa ni pamoja na askari polisi tisa. Mwezi Februari 2013 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba matumizi ya ardhi ya delta yapangwe kwa kuwashirikisha wananchi wenyewe. Huo ndio msingi wa amani ya kudumu, kwani askari anaweza kuzima moto, lakini hawezi kugawa maji.

Mgeni naye husikia. Mwezi Mei 2014 Uingereza iliwashauri raia wake waepuke sehemu za pwani ya Kenya, na mamia ya watalii wakarudishwa kwao kabla ya siku zao kwisha. Mwezi uliofuata Mpeketoni, jirani na delta, ikashambuliwa na makumi ya watu wakauawa. Katika hali kama hiyo anayekosa riziki kwanza si tajiri mwenye hoteli. Ni mpishi, dereva, na kijana yule anayejua bundi amelala wapi.

Basi ni lipi linalomhusu askari wa nchi jirani? La kwanza ni kwamba ndege hawana pasi ya kusafiria. Heroe wadogo wanaowavuta wageni katika ziwa Bogoria na ziwa Nakuru, walio wengi wamezaliwa Ziwa Natron, upande wa Tanzania, ambako hutagia robo tatu hivi ya heroe wadogo wote wa dunia. Utulivu wa Natron ni mali ya Bogoria pia. La pili, ndege wenyewe huweza kuwa wasaidizi wa ulinzi. Tumbusi wakizunguka angani humwonyesha askari wa wanyamapori ulipo mzoga, na ndiyo maana katika sehemu nyingi za Afrika majangili hutia sumu katika mizoga ili wawaue. Tumbusi wengi waliokufa mahali pamoja ni habari ya kupelekwa kituoni mara moja.

La tatu linahusu wajibu wa kila siku. Mwongozaji mwema huwaarifu polisi wa mahali kabla ya kuwaleta wageni, wala hawaelekezi darubini zao kwenye kambi, daraja au uwanja wa ndege. Askari mwema naye huuliza kwa heshima, hukagua vyeti, hulitazama daftari, na akikuta orodha ya ndege huwaacha waende zao. Kukesha ni wajibu wake. Kumdhalilisha mtu asiye na hatia ni kuisaidia kazi ya adui, kwa sababu habari ya mgeni aliyedhalilishwa hufika mbali na kufunga milango ya wengi.

Mlima hutoa maji, delta huyapokea, na jangwa liko kati ya watu wanaoyagombania. Mtazama ndege hupita pote humo akiwa hana silaha, akiwaamini watu asiowajua. Siku atakapoweza kutoka Dida Galgalu hadi Kipini bila ya mtu kumwuliza kama njia ni salama, wenyeji nao watakuwa wamepata kitu kikubwa kuliko fedha zake: watalima, watachunga na watalala usingizi.