Fahamu: Kwa nini nguzo za langoni hazitoshi bustanini

Mji kama Mpwapwa ukitenga bustani ya umma, jambo la kuamua mapema ni lango: chombo gani kipite? Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 huruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Penye watoto wanaokimbiza mpira, mwendo huo unaua. Gari la kilomita 50 hubeba nishati karibu mara 3 ya lile la 30, na Azimio la Stockholm la 2020 kuhusu usalama barabarani lilitaka 30 ndiyo iwe kikomo watu wanapochanganyika na magari.

Nguzo fupi za langoni huzuia magari yasiingize hatari hiyo bustanini, lakini panapopita kiti cha magurudumu, bodaboda nayo hupenya. Kwa hiyo waendesha bodaboda wapewe kijiwe nje, chenye kivuli, karibu na lango. Wakikosa pa kusubiria abiria, wataingia tu.