Wahaka, Wasiwasi na Matone ya Mafuta

Yako maneno mawili katika lugha yetu ambayo watu wengi huyatumia kana kwamba ni mamoja, nayo ni wahaka na wasiwasi. Wahaka ni hali ya moyo kutotulia: kifua hubana, usingizi hukimbia, na mtu akawa analiogopa jambo ambalo bado halijafika na pengine halitafika kamwe. Wasiwasi, kwa maana yake ya asili tuliyoipokea kutoka Kiarabu, ni mnong'ono. Ni sauti ya shaka inayomrudia mtu nafsini mwake hata baada ya akili kumwambia kwamba shaka hiyo haina msingi. Mtu hutia udhu akamaliza, kisha akanong'onezwa kwamba kiwiko hakikupata maji. Akarudia, akarudia tena, hata jamaa msikitini ikatoa salamu naye yungali birikani. Mwingine hufunga mlango, akatoka, akarudi kukijaribu kitasa mara kumi kabla hajafika njiani. Mama mwingine hunawa mikono mpaka ngozi ikapasuka, kwa kuchelea asije akamwambukiza mwanawe maradhi ambayo yeye mwenyewe hana.

Udaktari wa leo huyahesabu mambo hayo kuwa maradhi kamili, na katika kila watu 100 wapatao 2 hivi hupatwa nayo wakati fulani wa maisha yao. Wala si uvumbuzi wa siku hizi. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, na ndani yake akautaja wasiwasi miongoni mwa maradhi ya nafsi pamoja na ghadhabu, hofu na huzuni. Linalouzidisha uchungu wake ni kwamba mgonjwa aghalabu anazo akili zake timamu. Ajua kwamba mikono yake ni safi, ajua kwamba mlango umefungwa, na kwa kuwa ajua, huona haya. Basi huficha. Huamka kabla ya watu ili ayarudierudie mambo yake bila kuonekana, na miaka hupita kabla hajamwambia yeyote, kwa kuogopa asije akatajiwa Mathari, Mirembe au Kidongo Chekundu kwa dhihaka.

Mtu mwenye siri ya namna hiyo ndiye anayevutwa upesi na chupa ndogo ya mafuta ya CBD. Katika miji ya Marekani na Uingereza mafuta hayo huuzwa madukani. Mtumiaji huyatia tone kwa tone chini ya ulimi, na wauzaji huyasifu kwamba hutuliza moyo bila kulevya. Sifa hizo husafiri upesi katika simu za mkononi, na mwenye ndugu ng'ambo aweza kujaribiwa kuagiza. Hahitaji kumkabili daktari, wala kuisimulia aibu yake, wala kupanga foleni hospitalini. Twauelewa mvuto huo, na hatumlaumu anayevutwa. Lakini swali linabaki lilelile linaloulizwa juu ya kila dawa: je, yatibu maradhi haya, kwa kipimo gani, na kwa ushahidi upi?

CBD ni ufupisho wa kanabidioli, mojawapo ya kemikali nyingi zilizomo katika mmea wa bangi. Ilitengwa mwaka 1940 na Roger Adams na wenzake katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na umbo lake la kikemia likabainishwa mwaka 1963 na Raphael Mechoulam na mwenzake huko Israeli. Haifanyi kazi kama nduguye THC, ambayo ndiyo imlevyayo mvutaji. Na kwamba yaweza kuwa dawa si jambo la kubishaniwa tena, maana mwezi Juni 2018 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa iitwayo Epidiolex, iliyotengenezwa kwa CBD safi, kwa ajili ya aina mbili nzito za kifafa zinazoanza utotoni. Kwa hiyo anayeikejeli CBD kuwa ni porojo za wavuta bangi amepotoka, sawasawa na yule anayeisifu kwamba yaponya kila ugonjwa.

Tuanze na wahaka. Waliotangulia kuutafuta ukweli katika jambo hili ni Wabrazili. Mwaka 1982 Antonio Zuardi na wenzake walionyesha kwamba CBD hupunguza wahaka unaoletwa na THC. Mwaka 2011 wataalamu wa nchi hiyo waliwachukua wagonjwa 24 wenye hofu kubwa ya kusimama mbele za watu. Nusu yao walipewa CBD miligramu 600 kwa mara moja, na nusu wakapewa kidonge kitupu kisicho na dawa, kisha wote wakatakiwa kuhutubu. Waliopewa CBD walionekana kuwa watulivu zaidi. Mwaka 2019 vikajaribiwa vipimo vitatu kwa wanaume 57 wenye afya, yaani miligramu 150, 300 na 600, na ni kile cha 300 tu kilicholeta faida ya wazi. Mwaka huohuo, huko Japani, vijana 37 wenye hofu ya watu walishiriki katika jaribio la wiki 4, na waliopewa miligramu 300 kila siku walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa dawa tupu. Hizi ni dalili njema, lakini ni dalili za watu wachache kwa muda mfupi.

Sasa msomaji na achukue kalamu apige hesabu. Chupa ya mililita 10 ya mafuta ya asilimia 5, ambayo si adimu madukani, ina miligramu 500 za CBD katika matone yapatayo 200. Kila tone basi lina miligramu 2 na nusu. Anayetia matone 4 kwa siku hupata miligramu 10. Ili akifikie kipimo cha miligramu 300 yampasa atie matone 120, ambayo ni zaidi ya nusu ya chupa, kwa mara moja. Tena mwezi Oktoba 2023 idara ya Uingereza inayosimamia usalama wa vyakula iliwashauri watu wazima wenye afya wasizidishe miligramu 10 kwa siku za CBD inayouzwa kama chakula. Maana yake ni kwamba kipimo kilichoonekana kufaa si cha dukani, na kipimo cha dukani hakijaonekana kufaa. Ni kama kusifiwa nguru, kisha ukauziwa dagaa.

Upande wa wasiwasi ushahidi ni dhaifu zaidi. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa New York kwa watu wazima 14 wenye maradhi haya, ambao walikwisha kuvuta bangi hapo kabla. Kwa siku mbalimbali walivutishwa bangi yenye THC nyingi, bangi yenye CBD nyingi, na bangi iliyoondolewa zote mbili. Mawazo yanayowaandama na matendo wanayoshurutika kuyatenda hayakutofautiana kwa namna ya maana baina ya bangi hizo tatu, na wahaka ulishuka zaidi baada ya ile tupu. Ni kweli kwamba katika uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2021, watu 87 waliokuwa wakiandika hali zao katika programu ya simu walieleza kwamba hamu ya kurudiarudia matendo yao ilishuka kwa asilimia 60 baada ya kuvuta. Lakini hao walijua wanachokivuta, hapakuwa na kundi la kuwalinganisha nalo, na nafuu ya mawazo yanayowavamia ilipungua kadiri siku zilivyokwenda.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Maradhi ya wasiwasi huishi kwa kula nafuu. Anayenawa hutulia kwa dakika chache, na utulivu huo ndio unaoifundisha akili yake kwamba amesalimika kwa sababu alinawa. Kesho mnong'ono hurudi una nguvu zaidi, ukidai maji mengi zaidi. Kwa hiyo kitu chochote kinachoahidi nafuu ya papo kwa hapo hakina budi kutazamwa kwa jicho kali. Kwa mwenye wahaka unaomjia mara moja moja, kutulizwa upesi kwaweza kuwa rehema. Kwa mwenye wasiwasi, chupa yaweza kugeuka udhu mwingine: akinong'onezwa hutia matone, huyahesabu, hushuku kama yalikuwa manne au matano, kisha huanza upya. Atakuwa ameongeza ada juu ya ada zake, naye adhani anajitibu.

Tiba iliyothibitika hufuata njia ya kinyume. Mwaka 1966 Victor Meyer, mtaalamu wa saikolojia aliyefanya kazi London, alieleza namna wagonjwa wawili walivyosaidiwa kwa kukabilishwa na kile wanachokihofu, huku wakizuiwa kufanya yale matendo yao ya kujituliza. Kutokana na kazi hiyo na nyingine zilizofuata imejengwa njia ambayo leo hutangulizwa na madaktari wengi. Mgonjwa hushika kitasa anachokiona najisi, akakaa dakika kumi bila kunawa. Hofu hupanda, hukaa, kisha hushuka yenyewe. Siku nyingine hukaa nusu saa. Hashurutishwi, huenda hatua kwa hatua pamoja na mtaalamu anayeijua kazi. Wazee walisema dawa ya moto ni moto. Mafakihi nao wana kanuni yao ya siku nyingi kwamba yakini haiondolewi na shaka, na aliyesumbuliwa na wasiwasi katika udhu humwambia asiusikilize mnong'ono, aende akaswali.

Ziko pia dawa za hospitali. Klomipramini iliidhinishwa Marekani mwaka 1989 kwa maradhi haya hasa, na Shirika la Afya Duniani limeitia katika orodha yake ya dawa za lazima. Ziko na nyingine kama fluoksetini na sertralini. Dawa hizi huhitaji subira, maana mara nyingi hutaka wiki 8 hadi 12 kabla ya faida yake kudhihirika vizuri, na wako wasiopona kwazo. Lakini zimejaribiwa kwa wagonjwa wengi, vipimo vyake vyajulikana, na madhara yake yameandikwa.

Hayo hayawezi kusemwa juu ya chupa ya dukani. Wachunguzi walionunua bidhaa 84 za CBD kwa njia ya mtandao, na kutangaza matokeo mwaka 2017, waliona kwamba ni 26 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi zake, na katika 18 mlikuwamo THC, ambayo yaweza kumzidishia mtu wahaka badala ya kumtuliza. Zaidi ya hayo, CBD kwa vipimo vikubwa yaweza kulisumbua ini, na huzuia njia ambazo ini hutumia kuvunjavunja dawa nyingine. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, au sitalopramu ya kutibu wahaka na huzuni, aweza kujikuta dawa hizo zimezidi mwilini bila ya yeye kuongeza hata kidonge kimoja. Mwisho iko sheria. Kenya kwa sheria ya mwaka 1994, na Tanzania kwa ile ya mwaka 2015, huikataza bangi, na msafiri asitumaini kwamba askari wa bandarini au uwanja wa ndege ataitazama chupa yake kwa jicho la muuza duka wa London.

Tunasema nini basi? Hatusemi kwamba utafiti usimame. Wabrazili wameonyesha kwamba pana kitu cha kufuatiwa, na kama majaribio makubwa yatathibitisha faida yake, tutakuwa miongoni mwa watakaofurahi. Wala hatumwambii aliyekwisha kutumia kwamba nafuu anayoisimulia ni uongo. Twamwomba mambo mawili: amwambie daktari wake bila kuficha kile anachokitia kinywani, na asiache kwa ghafla dawa aliyoandikiwa kwa sababu ya ahadi iliyoandikwa juu ya chupa.

Kwa jamaa wa mgonjwa tuna neno pia. Msimcheke. Lakini vilevile msimhakikishie mara mia kwamba mlango umefungwa, kwani kila mnapomhakikishia mnaulisha wasiwasi kwa mkono wenu wenyewe. Mwambieni mara moja, kwa upole, kisha kaeni naye hofu ipite. Na msindikizeni hospitali. Muhimbili, Mathari, Mirembe na Kidongo Chekundu wako madaktari wa maradhi ya akili, na mtu hawi mwendawazimu kwa kuwa ameonekana langoni mwao.

Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Maradhi ya wasiwasi aghalabu hayaui, ila humla mtu saa zake: saa ya alfajiri, saa ya kazi, saa ya kucheza na wanawe. Anayeyaficha kwa miaka kumi amepokonywa miaka kumi, awe na chupa au asiwe nayo. Mwenye kusoma maneno haya na akajiona ndani yake, na amtafute leo mtu mmoja anayemwamini, amweleze jambo ambalo hajapata kumweleza mtu.