Volti 12 Zisizofanya Kazi

Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, vumbi la Mkonze humlazimu dereva kufunga madirisha ya gari. Na akisha kuyafunga, hana budi kutegemea kiyoyozi. Katika majira hayo, kiyoyozi cha gari langu kuukuu kilikoma kupoza ingawa feni iliendelea kupuliza. Fundi mmoja alichomoa soketi ya kompresa, akapima kati ya nyaya zake mbili, akaona volti 12 kamili. Hukumu yake: umeme upo, basi kompresa imekufa, inunuliwe nyingine. Bei aliyoitaja ilizidi mshahara wangu wa mwezi.

Kipimo chake kilikuwa sahihi. Hitimisho ndilo lililokosea, na kosa la namna hiyo nimeliona hata katika maabara.

Mkanda wa injini huzungusha puli wakati wote, lakini kompresa yenyewe haizunguki mpaka klachi ishike. Klachi hiyo ni sumaku-umeme: koili ya waya wa shaba ambayo, ikipitishiwa mkondo, huvuta bamba la chuma likashikamana na puli. Tuchukue kwamba koili ina ukinzani wa omu 4. Kwa kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827, volti 12 zitapitisha ampea 3. Sasa tuseme kwamba athi, yaani mahali waya wa kurudisha umeme unapofungwa kwenye bodi, pameliwa na kutu yenye omu 4 nyingine. Ukinzani wote ni omu 8, mkondo ni ampea 1.5, koili hupata volti 6 tu, na bamba halivutwi.

Kwa nini basi mita ilionyesha 12? Mita ya siku hizi ina ukinzani wa mamilioni ya omu; soketi ikiwa imechomolewa, mkondo upitao ni hafifu mno hata kutu haipotezi volti yoyote ya kuonekana. Ndivyo lilivyo bomba la maji lililoziba nusu: koki ikifungwa, shinikizo ni lile lile, ifungue, ndipo utakapoona maji yakichuruzika.

Kwa hiyo pima soketi ikiwa mahali pake na kiyoyozi kimewashwa. Gusisha ncha moja ya mita kwenye waya wa athi wa koili, ya pili kwenye ncha hasi ya betri. Kipimo kisizidi sehemu mbili za kumi za volti. Mimi nilisoma volti zipatazo 6. Nilikwangua kutu kwa msasa, nikakaza skrubu, na klachi ikashika kwa mlio.

Iwapo volti hazipo kabisa, anza na fyuzi, kisha rilei, kisha swichi ya shinikizo, ambayo hukata umeme gesi inapopungua. Wapo wanaoiruka swichi hiyo kwa kipande cha waya. Lakini mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikiwa imevuja, kompresa itazunguka kavu, na hapo ndipo itakapokufa kweli.