Geini ya Amplifaya na Masikio ya Kondakta

Katika daladala na bajaji nyingi za Dar es Salaam, sabufa hufichwa chini au nyuma ya kiti, na kando yake hufungwa amplifaya yenye kidude kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi. Mafundi hukiita geini. Wenye magari wengi hudhani ni kidude cha kuongezea sauti, kwa hiyo humtaka fundi akizungushe hadi mwisho. Dhana hiyo si sahihi. Kazi ya geini ni kuilinganisha amplifaya na volti zinazotoka kwenye redio. Ikizidishwa, amplifaya hufika kikomo mapema, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, mlio hukwaruza, na koili ya spika hupata joto hadi kuungua.

Fundi makini huanza kwa kuchomoa waya za spika, kuzima viongeza besi vyote na kurudisha geini chini kabisa. Redio huwekwa kwenye robo tatu ya sauti yake, kisha hupigwa mlio wa majaribio wa hezi 50. Kipima umeme huunganishwa kwenye matokeo ya amplifaya, na geini hupandishwa polepole hadi volti zilizokusudiwa. Volti hizo ni kipeuo cha pili cha wati zikizidishwa kwa omu: kwa wati 500 na omu 4, ni takribani volti 45. Hapo mkono husimama, hata mteja akinung'unika.

Lakini spika iliyosalimika si sikio lililosalimika. Kipimo hicho huilinda mashine tu. Wati 500 ndani ya gari dogo lililofungwa vioo bado zaweza kuumiza. Sikio la binadamu husikia besi kwa uhafifu kuliko sauti za kati, hivyo msikilizaji huiongeza bila kuhisi ukali wake, kisha hupandisha spika ndogo zisifunikwe. Hizo ndizo huzidisha hatari.

Desibeli 85 huhesabiwa kuwa kikomo cha saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hupungua kwa nusu. Katika desibeli 100 hubaki dakika 15. Abiria wa Kariakoo hushuka mapema. Kondakta na dereva hubaki humo tangu alfajiri hadi usiku, nao ndio wenye madhara zaidi, ingawa ni nadra kwao kuulizwa habari za muziki wanapofika kliniki wakilalamikia mlio masikioni.

Seli za vinyweleo katika sikio la ndani hazioti tena zikifa. Upungufu huanza kwa kawaida karibu na hezi 4,000, ambapo mgonjwa husikia watu wakizungumza lakini herufi kama «s» na «f» humponyoka. Mhudumu asitosheke na kunong'ona nyuma ya mgonjwa. Ampeleke kupimwa usikivu, ikiwezekana baada ya mapumziko ya saa 14 au zaidi mbali na kelele. Anayepoteza usikivu ghafla ndani ya siku chache, hasa sikio moja, ni mgonjwa wa dharura na asingoje miadi.

Programu za simu za kupimia kelele husaidia kukadiria. Hata hivyo, nyingi huipima besi kwa upungufu, hivyo namba ndogo kwenye kioo cha simu isichukuliwe kuwa ruhusa.