Katana: Kutunza habari za mtandao kwenye simu bila kumaliza mega

Katika makundi ya WhatsApp ya Katana, kaskazini mwa mji wa Bukavu, kiungo cha habari hakiishi siku nzima. Kinatumwa asubuhi, na ikifika jioni kimeshafunikwa na salamu, picha za msiba na sauti za dakika tano. Anayekitafuta hakioni tena. Akikiona, mega zimekwisha.

Hasara ya jambo hilo ilikuwa kubwa zaidi mwezi wa pili 2025, vita ilipofika uwanja wa ndege wa Kavumu na kisha Bukavu yenyewe. Siku zile watumiaji wengi nchini Kongo walishindwa pia kufungua X. Katika masiku kama hayo habari ya juzi hupita tena kama ya leo, na mtu asiyetunza ile ya kwanza hana cha kulinganisha nayo.

Kuna vyombo vya kusaidia, na vingi ni vya bure. Vinafanya kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kuhifadhi ukurasa ili uusome baadaye. Ya pili ni kufuatilia tovuti fulani, ili kila habari mpya ije yenyewe bila wewe kupita Facebook wala kungoja rafiki atume. Kufuatilia huko kunafanywa kwa mlisho unaoitwa RSS, uliopo tangu 1999. Ni faili ndogo ya maandishi ambayo tovuti huitoa, yenye vichwa vya habari na viungo vyake. BBC Swahili na RFI Kiswahili zinayo. Tovuti iliyojengwa kwa WordPress huwa nayo pia: ongeza tu neno feed mwishoni mwa anwani yake.

Vinavyojulikana zaidi kwa kufuatilia ni Feedly na Inoreader. Bila kulipa, Feedly inakubali tovuti 100, Inoreader 150. Kwa msomaji wa kawaida hiyo inatosha na kubaki. Shida ni kwamba vyote viwili vimetengenezwa kwa watu ambao intaneti yao haikatiki. Inoreader ina namna ya kusoma bila mtandao, lakini ni kwa wanaolipa, na kulipa kunadai kadi ya benki. Ni wangapi Katana wanayo?

Kwa hiyo simu ya Android ya hapa inafaidika zaidi na programu ndogo isiyosifiwa sana, inayoitwa Feeder. Ni ya bure, haina matangazo, na haiombi jina wala namba ya simu. Inaweza kuamriwa ichukue habari pale tu simu imeshika wifi, au pale tu imewekwa kwenye chaji. Inaweza pia kuchukua maandishi yote ya habari, maana milisho mingi hutoa mistari michache ya kwanza tu. Muuguzi wa hospitali ya Fomulac anayepata wifi nusu saa atarudi nyumbani na habari za siku nzima, azisome usiku mtandao ukiwa umezimika. Tena orodha ya anayoyafuatilia inabaki ndani ya simu yake. Siku hizi hilo si jambo dogo.

Kwa kuhifadhi, chombo cha kwanza kiko tayari kwenye Chrome. Alama ya nyota, yaani Favoris, inaweka anwani tu. Bila mega haikupi kitu. Mshale wa Télécharger ulio kando yake unaushusha ukurasa wenyewe. Wengi hubonyeza nyota wakidhani wameweka habari. Raindrop.io hupanga viungo vizuri sana na bila kikomo, ila nakala ya kudumu ya ukurasa inalipiwa. Instapaper, iliyoanza 2008, huondoa matangazo na kuweka maandishi kwenye simu. Kwa mwanafunzi anayeandika kazi ya mwisho wa masomo, hiyo ndiyo ya kujaribu kwanza.

Lakini vyombo hivi hufa. Google Reader, iliyoanza 2005, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013 ingawa watumiaji wake walipinga sana. Pocket, ambayo Mozilla iliinunua 2017 na ambayo wengi waliitegemea kusoma bila mtandao, ilifungwa tarehe 8 Julai 2025. Watumiaji walipewa miezi michache ya kutoa viungo vyao, kisha vikafutwa. Taasisi yenye kompyuta zake, kama kituo cha utafiti cha Lwiro kilicho jirani, inaweza kuepuka hatari hiyo kwa wallabag, programu huria iliyoanzia Ufaransa, ambayo huwekwa kwenye mashine yako mwenyewe. Inataka fundi na umeme wa uhakika, basi kwa mtu mmoja ni mzigo.

Mtu mmoja anaweza kujikinga kwa njia rahisi zaidi. Feedly, Inoreader na Feeder zote zinatoa orodha ya tovuti unazofuatilia kama faili moja ya OPML, nyepesi kuliko picha moja ya WhatsApp. Ikitumwa kwa ndugu au kuwekwa kwenye kadi ya kumbukumbu, simu ikipotea, orodha yote inarudishwa kwenye simu nyingine kwa dakika moja, hata kama programu ya mwanzo imefungwa.